Walimu wa kike, na nyie mliofundishwa nao: tupeane uzoefu

MamaWawili
Habari za jioni wakuu. Leo mwanangu wa darasa la sita karudi shule na mkosi usoni: "Mama, tumeletewa madam wa Hisabati, tumekwisha." Mimi mama yake nafundisha Hisabati sekondari! Nani kamfundisha haya? Sir akiwa mkali, anajua kazi. Madam akiwa mkali, kagombana na mumewe; kama hana mume, ndiyo kabisa. Tiririkeni.

Chaki_Nyeupe
Kwangu nikishamaliza swali ubaoni, wanalibeba hadi stafu kwa Sir wa Fizikia akalihakiki. Sir naye akikwama analileta mezani kwangu.

Kibonge wa Tabora
Hahaha, hii ipo sana.

NdimuKavu
Umenikumbusha fildi, yale mazoezi ya kufundisha ya chuo. Mwaka 2016, shule ya bweni ya wavulana, Fizikia Kidato cha Tatu. Siku ya vitendo, Sheria ya Ohm, nimeshapanga betri na nyaya, kijana ananyoosha mkono: "Madam, tumuite Sir? Usije ukapigwa shoti." Betri za redio hizo! Nikigeukia ubao, miluzi. Nikigeuka, wote wanaandika utadhani malaika.

Wiki ya tatu nikakamata karatasi inazunguka. Wamechora jedwali kama la matokeo ya muhula: majina ya walimu wote wa kike, hadi mama wa stoo anayekaribia kustaafu. Sura, umbo, mwendo, jumla, nafasi. Mimi wa pili. Kufundisha hakukuwa na maksi.

Nikampelekea makamu mkuu wa shule. Kaisoma yote, kacheka, kaniuliza kwa nini nalalamika wakati nimeshika nafasi nzuri. Kufika saa nne karatasi iko stafu, walimu wa kiume wanapokezana, mmoja anabisha kwamba maksi za mwendo zimependelewa. Watu ambao asubuhi nimewaamkia shikamoo! Adhabu ya wanafunzi: hakuna. Mimi nikaambiwa niwe najifunga kanga. Msimamizi wangu wa chuo alinikuta nafundisha umeme nimejifunga kanga kiunoni.

Sasa hivi niko benki, dirishani. Huko nako wateja wananiuliza kaka wa mikopo yuko wapi.

MzeeWaKitengo
Pole dada. Samahani, wa kwanza alikuwa nani?

Chaki_Nyeupe
Yaani katika yote hayo umeona hilo tu?

MzeeWaKitengo
Nauliza tu jamani.

Bakora4
Mnakuza mambo. Sisi walimu wa kiume tuliwapa majina: Kobe, Mzee Ugoro. Utoto huo. Madam akilegea lazima apandwe kichwani, na wengi wao ni walegevu.

MamaWawili
Kobe aliitwa Kobe kwa kuchelewa vipindi. Lini ulimpa maksi za makalio?

Mtahiniwa_Sugu
Walegevu? Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale waliyofeli wengi, yanatangazwa, Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani alikuwa Dk. Joyce Ndalichako. Sikumbuki aliyelalamika kwamba mama kalegea.

Bakora4
Huyo ni mmoja.

DadaWaZamu
Na msidhani ni wavulana tu. Nafundisha mchanganyiko. Kanuni za viboko za 2002 zinataka msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni. Matokeo yake kila kesi ya binti ikifika stafu: "Madam, mtu wako huyu." Sir kamkamata, Sir kamshitaki, mkono wa kuchapa wangu. Baada ya mwaka mabinti wanasema Sir ana huruma, madam wana wivu. Na nikimkatalia ruhusa ya kwenda nyumbani, "na wewe si ni mama?" Sir akikataa, ni utaratibu wa shule.

Kibonge wa Tabora
Hili la kanuni sikuwahi kulifikiria kabisa.

Mwl_Kipindi_cha_Nane
Mimi nilipokwenda likizo ya uzazi, siku 84 za kisheria, mzazi alimfuata mkuu kumwomba darasa lipewe mtu asiyebeba mimba.

Ticha_Mstaafu
Wanangu, wiki ya kwanza ingia na fimbo. Usicheke mpaka Pasaka.

DadaWaZamu
Shikamoo mzee. Nilinuna mpaka Krismasi, wakasema nimeachika.

Mtahiniwa_Sugu
Fimbo ya nini? Shika majina yao yote siku ya kwanza. Mtoto wa nyuma kabisa akisikia ametajwa na la babu yake, anakaa sawa.

Kibonge wa Tabora
Vaa miwani, hata ya kioo kitupu.

Chaki_Nyeupe
Miwani ninayo. Wameniita Bibi.

NdimuKavu
Mnashauri walimu. Makamu mkuu wa shule avae nini?

MzeeWaKitengo
Kwa hiyo wa kwanza hatajwi?