Naomba ushauri: bia za viwanda vidogo na joto la Mombasa

Jamani, nisaidieni. Nina mazoea ya kuonja bia za viwanda vidogo na kuziandikia maoni, ila hapa Nyali nyingi hunifikia kwa basi kutoka Nairobi. Juzi nilifungua IPA, ile aina ya bia chungu: povu zuri, rangi ya chungwa, lakini ladha ya boksi lililoloa maji! Ile harufu ya hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia), kama ganda la ndimu, hakuna. Najua joto huharakisha oksijeni kuiharibu bia, na nyingi za hizi hazipashwi moto kuua vijidudu. Sasa nimpe mtengenezaji alama mbovu kwa kosa la buti ya basi? Mwenzangu mmoja aniambia nionje stauti tu, zile bia nyeusi, eti zinavumilia. Nyinyi mwazisafirishaje? Barafu ya wauza samaki yafaa, ama chupa zitanuka?