Bamba la shaba linatoka vidoto: kuchapa kwa njia ya Ostade

ukili_na_wino: Asalaam aleikum. Tunataka kuchapa picha za kazi za nyumbani, mtu kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mwengine anasuka ukili kibarazani, kwa njia ya Adriaen van Ostade, mchoraji wa Haarlem, Uholanzi (1610–1685). Tunatumia shaba nyekundu ya milimita 1, nta ya kulifunika bamba, sindano ya kuchorea mistari juu ya nta, na feriki kloraidi, dawa inayoila shaba pale nta ilipochorwa. Vidoto vinatoka kila pahala, na penye kiza panatoka kijivu. Ostade alikipataje kiza cha ile picha yake ya ghala ya 1647?

shashi: Waaleikum salaam. Vidoto ni mafuta: nta haikushika, dawa ikapenya chini yake. Sugua bamba kwa siki na chumvi, kisha kwa chaki ya unga na maji, suuza. Maji yakitandaa bamba zima, tayari. Yakijikusanya matone, rudia. Usiuguse uso kwa vidole, seuze vidole vilivyotoka kwenye tui. Nta ipake nyembamba, nene hubanduka sindano ikipita.

Kuhusu kiza, ni mistari mitupu. Bamba likishakaa dakika 10 ndani ya dawa, litoe, suuza, kausha, funika kwa vanishi sehemu za mwanga, kisha lirudishe. Kivulini pafike hata dakika 40, lakini jaribuni kipande kwanza, joto letu linaharakisha dawa. Bamba lilale kifudifudi, limeinuliwa pembeni. Likilala chali, machicha ya dawa yanajaa ndani ya mistari na shaba hailiki tena.

ukili_na_wino: Ahsante sana. Dakika tunafikisha, mistari tumeibananisha kabisa, na bado kijivu.

kibaraza: Basi kosa ni huko kubananisha. Shaba iliyo kati ya mistari ikiliwa, panabaki shimo pana, kitambaa cha shashi cha kufutia bamba kinauondoa wino wote. Tazameni ghala lile kwa karibu: hata pembe yenye kiza kabisa ina vyeupe vidogo baina ya mistari. Ostade aliirudia mistari kwa kuipishanisha, si kwa kuibananisha. Kwenye tovuti ya Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, chagueni nakala za mwanzo. Za bamba lililochakaa zitakupotezeni, vivuli vyake vimefifia.

Na picha hugeuka, sheikh. Mwenye kisu mkono wa kulia atatoka wa shoto, kwa hivyo chora ukitazama kiooni. Karatasi za kuchapia zilizoloweshwa msizilaze ndani ya plastiki siku mbili wakati wa masika, zitaota ukungu.