Jirani ananiuliza kuhusu dada aliyenifanyia kazi. Niseme au ninyamaze?

MwanaNabugoye:
Hamjambo wenzangu. Mimi ni Myahudi, mmoja wa Abayudaya wa Uganda, mzaliwa wa Nabugoye karibu na Mbale. Nairobi nina mwaka wa tisa. Naombeni ushauri, maana jambo hili limeninyima usingizi.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na dada wa kazi. Siku moja nikakosa shilingi 6,000 kwenye droo. Nilipomuuliza alilia, akakiri, akaondoka jioni ile ile. Sikumwambia mtu. Juzi jirani wa mlango wa pili ameniandikia kwamba anataka kumwajiri dada huyo huyo, amwachie mtoto wa miezi saba. Anauliza, "Ni mtu wa aina gani?"

Nimelelewa kuogopa lashon hara, ulimi mbaya, yaani kumsema mtu vibaya hata kama unalosema ni kweli. Amin alipopiga marufuku dini yetu miaka ya 1970, babu na wenzake walisali kwa kujificha, na walijua neno moja la jirani linaweza kumpeleka mtu ndani. Hadi uzeeni, babu akitusikia tunamteta mtu aliinuka akatoka nje. Lakini nikinyamaza, halafu mtoto wa watu apatwe na jambo?

Kipepeo:
Mwambie. Mimi niliwahi kunyamaza hivyo hivyo, rafiki yangu akaibiwa runinga. Mpaka leo hatuongei.

Mzee wa Ngara:
Binti yangu, fungua Walawi 19, aya ya 16. Nusu ya kwanza inakataza kuzunguka na umbea. Nusu ya pili inakataza kusimama ukitazama damu ya mwenzako. Zimo katika aya moja, na hapo ndipo ulipo wewe.

Rabi Yisrael Meir Kagan alitoa kitabu kizima kuhusu ulimi mwaka 1873, na hakusema tunyamaze siku zote. Aliweka masharti. Uwe umeona mwenyewe, si la kusikia. Usitie chumvi. Nia iwe kumkinga anayeuliza, si kulipa kisasi. Kusiwe na njia nyingine. Na yatakayompata unayemsema yasizidi anayostahili. Tena uanze kwa kuzungumza na mkosaji mwenyewe. Umezungumza naye tangu aondoke?

Salma wa Kibokoni:
Mimi ni Mwislamu, na kwetu pia kusengenya ni haramu, ila mtu akikutaka shauri unamwambia ukweli. Lakini dada yangu, niwie radhi nikuulize. Mshahara wake ulikuwa ukimpa kwa wakati? Sisi tumefundishwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka.

MwanaNabugoye:
Salma, swali lako nimelala nalo. Hapana. Nilikuwa nimepunguzwa kazini, kila mwisho wa mwezi namwambia angoje. Alikuwa ananidai miezi miwili, 9,000 kwa mwezi. Siku ile alisema mama yake amelazwa. Nilikuwa na hasira, sikusikia. Na sikuwahi kuziweka hesabu hizi mbili pamoja mpaka leo.

Mzee wa Ngara:
Basi rudi nyuma aya tatu, aya ya 13. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Wa kwake umelala miaka miwili.

Sihalalishi alichofanya. Lakini ukimwandikia jirani "aliniibia 6,000" bila kutaja kwamba ulikuwa umekalia 18,000 zake, hapo utakuwa umemdanganya kwa maneno ya kweli. Mlipe 12,000 zilizobaki na umwombe radhi. Yom Kipuri, siku yetu ya toba, inakaribia, na Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa kale, inasema siku hiyo haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe. Mahali pengine Mishna inakataza kumwambia aliyetubu, "Kumbuka ulivyokuwa." Kwa hiyo kwanza ujue amekuwa nani sasa.

Mama Wawili Eldoret:
Na jirani anaajiri mlezi, si mtunza droo. Mtoto wako alimleaje?

MwanaNabugoye:
Alimpenda. Usiku mmoja mtoto alipandwa na homa mimi nikiwa safarini. Alimfunga mgongoni, akatembea naye hadi zahanati, akakaa naye mpaka kukakucha. Nalo hili nilikuwa nimelisahau.

MwanaNabugoye: (siku nne baadaye)
Nimempigia. Aliposikia sauti yangu alinyamaza kabisa, akidhani nataka kumshtaki. Nimemtumia zile 12,000, nikamwomba msamaha. Alisema amenisamehe, kisha naye akaniomba. Nikamuuliza kama naruhusiwa kumweleza jirani yote, pamoja na kosa langu. Amesema atayasema kwa mdomo wake, ila anataka mimi niwepo.

Tunakwenda kwa jirani Jumapili asubuhi.