MREJESHO: Tanga 1914, safari hii Mwingereza kapigwa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kwenye gemu langu la vita Mwingereza anaichukua Tanga kila mara, wakati Novemba 1914 alichapwa akiwa na askari kama 8,000 dhidi ya 1,000 hivi wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck.

Mliosema tatizo si idadi mlipatia. Gemu lilikuwa linanionyesha ramani nzima, adui yuko wapi na wangapi. Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, hakuwa na anasa hiyo, na upelelezi wa maana hakufanya. Basi nikaifunika ramani kwa ukungu, matokeo yakaanza kubadilika hapo hapo. Kisha nikaongeza reli: manowari ya Waingereza, Fox, ilipotangulia tarehe 2 kuwapa Wajerumani onyo, hao walipata muda wa kushusha kombania kwa treni kutoka Moshi. Mwisho nikapunguza ari ya vikosi vya India vilivyompigania Mwingereza, maana walikuwa wamechoshwa na safari ndefu ya meli.

Nimecheza mara tano, Mwingereza kapoteza nne. Nyuki walioshambulia askari kwenye vita ile bado sijawaweka. Na wewe uliyesema niwape Wajerumani, mzee, wale waliuma pande zote!