Mrejesho: kocha na wazazi wanaonifokea uwanjani

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu kocha na wazazi wanaonifokea ninapochezesha besiboli ya watoto huku Marekani. Asanteni sana.

Jumamosi kocha katoka benchi mbio, anapinga straiki niliyotoa (yaani nilihesabu kwamba mpira ulirushwa sawasawa na mpigaji hakuupiga). Nikavua barakoa ya kujikinga na mpira, nikamwambia kwa sauti ya chini: "Kocha, hayo ni maamuzi ya macho yangu, hayana mjadala. Ukiwa na hoja ya kanuni, omba muda uje." Kanuni ya 9.02 ya Little League, shirika la besiboli ya watoto, ndiyo inasema hivyo. Nikamkumbusha pia kwamba nikimtoa, mechi inayofuata anaikosa. Akarudi benchi.

Mama mmoja nyuma ya wavu hakukoma (ana mapafu huyo!). Sikujibizana naye, nilisimamisha mchezo, nikamtuma kocha akamtulize. Mliosema nimjibu palepale, hapana jamani.