Kapiga tohe saa moja na robo jioni, fisi wakala usiku, yeye akamwambia askari "nimekosa"

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, asiye na muda apite tu. Majina sitaji, kitalu cha uwindaji sitaji. Aliyehusika atajijua akifika mstari wa tatu.

Ijumaa iliyopita tulitoka Mwanza watu watano, magari mawili, tukapita Magu, tukakata pale Lamadi kuelekea Bariadi. Kibali halali cha kuwinda, ada imelipwa, askari wa wanyamapori tumepewa, mfuatiliaji nyayo ni mzee wa kijiji kile kile ambaye nimetembea naye misimu sita. Hakuna aliyekwenda kama jangili. Na hilo ndilo linaloniuma, maana jangili angefanya vile ningesema ndiyo kazi yake.

Jumamosi tuligawana. Askari akaenda na wawili upande wa mbuga, sisi watatu na mzee tukashuka kwenye bonde lenye nyasi ndefu ambalo chini lina maji mwaka mzima. Kwa wasiomjua tohe: ni swala wa majanimaji. Mchana analala ndani ya nyasi kiasi kwamba unaweza kumkanyaga, jioni ndiyo anatoka. Dume ana pembe zilizopinda kwenda mbele. Jike hana pembe kabisa. Akishtuka anapiga mluzi mkali kama wa refa. Kibali chetu kilisema dume.

Jua lilizama saa moja kasoro dakika saba. Nilitazama saa, ni mazoea yangu, jua likigusa ukingo naangalia saa. Saa moja na dakika tano nikamwambia mwenzetu, "Kiongozi, tumalize, tutoe risasi tupande juu." Akaniambia bado anaona. Tukakaa. Saa moja na robo akaona kitu kimesimama kando ya kichuguu, hatua kama mia na hamsini. Mimi kwa darubini ya mkono niliona mgongo. Kichwa kilikuwa kwenye nyasi. Mzee akanong'ona, nilisikia kwa masikio yangu: "Bosi, acha. Simwoni kichwa."

Akafyatua.

Nitawaeleza kinachotokea ukipiga wakati huo, maana wengine humu mnanunua bunduki mwaka huu na hakuna atakayewaambia dukani. Kwanza ni mwako wa mtutu. Mchana huuoni. Saa moja na robo unawaka usoni kama radi, na kwa sekunde kadhaa huoni chochote. Sekunde hizo ndizo zinazokuambia risasi imekwenda wapi: mnyama karuka juu, au kajikunja mgongo, au kaanguka na kuinuka, kakimbilia wapi. Sisi wote wanne tulipofumbua macho hapakuwa na kitu. Hata mluzi hatukusikia.

Pili ni damu. Mwanga ukipungua jicho la binadamu linapoteza rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuondoka. Damu juu ya jani inakuwa nyeusi, sawa na kivuli, sawa na tope. Tulishika tochi. Baada ya dakika ishirini mzee akapata matone mawili na kipande cha majani yaliyosagika, ya kijani, kina harufu. Kila mwindaji anajua maana yake. Risasi imepita tumboni.

Aliyepigwa mapafu anatoa damu yenye povu na mara nyingi hafiki mbali, umbali wa uwanja wa mpira anakuwa amelala. Aliyepigwa tumbo anatembea. Anakwenda, analala, ukimsogelea anainuka tena, anateseka saa nyingi. Kanuni ni kumwacha saa kadhaa alale ndipo umfuate. Sasa uache saa ngapi wakati giza limeshaingia na fisi wameshaanza kuita ng'ambo ya bonde? Ukimfuata sasa unamsukuma, ukimwacha mpaka asubuhi unamkabidhi kwa fisi. Hapakuwa tena na chaguo zuri. Chaguo zuri lilikuwepo saa moja na dakika tano.

Na aliyekuwa mbele kwenye nyasi zile gizani nani? Si mwenye bunduki. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, amevaa kandambili, ameshika fimbo. Bonde lile lina nyati. Dakika arobaini alitembea mbele yetu, mpaka nikasema inatosha, turudi.

Kambini askari akauliza mlio ule wa risasi ulikuwa wa nini. Mwenzetu akajibu, bila hata kuweka bunduki chini: "Nimekosa. Imepita juu."

Nikasema, hapana, tumeona damu. Akanijibu mbele ya vijana wa gari, "Acha maneno, umri huo unaona damu usiku?" Waliobaki wakaangalia moto. Askari akatutazama, akaandika anachoandika. Kesho yake alfajiri akaondoka na kundi la pili.

Mimi na mzee tulirudi bondeni jua linatoka. Tulisalimiana "mwangaluka" tu, hatukuongea tena. Kutoka kichuguu kile tulifuata kama nusu kilomita. Sehemu tatu alizolala zinaonekana, nyasi zimelala, damu imeganda. Ya nne ndipo fisi walimkuta. Kilichobaki ni kichwa, kipande cha ngozi na kwato.

Kichwa hakina pembe.

Mzee akarudi peke yake mpaka pale kichuguuni, akachuchumaa muda mrefu. Akaniita akanionyesha nyayo ndogo, kwato kama kidole gumba changu. Tohe akizaa anamficha mtoto kwenye nyasi, anakwenda kula, anarudi kumnyonyesha. Pale kwenye kichuguu hakuwa anazurura. Tulizunguka bonde mpaka saa nne kumtafuta yule mtoto. Hatukumpata, na sikutegemea tumpate, kazi yake Mungu aliyompa ni kulala kimya asionekane.

Sasa kuhusu utetezi wake, maana tangu Jumapili anauandika kwenye kundi la WhatsApp kama wakili.

Anasema Marekani wanaruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kuzama. Ni kweli, majimbo mengi ya kule kwa kulungu wao yana saa za kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. (Kulungu wao si huyu wetu. Ni mnyama wa jamii nyingine, mwenye pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka.) England wana Sheria ya Kulungu ya mwaka 1991, kwao usiku unahesabiwa kuanzia saa nzima baada ya jua kuzama. Sawa. Lakini ndugu yangu, wewe umesoma, umeshafika Ulaya, hukuona jioni ya kule inavyochelewa? Kule jua linashuka kwa mshazari, linakwenda pembeni kabla ya kwenda chini. Mtu wa jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi wa kumi na moja, nusu saa baada ya jua kuzama ndipo mwanga wake wa kufanyia kazi unapokwisha. Ile nusu saa haikutoka mbinguni, iliwekwa kwa kupima mwanga wa kwao.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Hapa jua halishuki kwa mshazari. Simama Capri Point jioni yoyote utazame: linaingia ziwani wima, na kuanzia linapozama mpaka mwanga wa kufanyia kazi kwisha ni dakika ishirini na moja, ishirini na mbili. Mwezi wowote. Kwa hiyo nusu saa ya Minnesota ukiileta Bariadi unapiga gizani. Jumamosi ilikuwa dakika ya ishirini na mbili, mbele yako nyasi ndefu, nyuma yako mlima umekinga mwanga wa mwisho. Na Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda gizani na kuwinda kwa taa. Lakini hata tukiweka sheria pembeni, mimi sibishani na dakika. Nasema huwezi kufyatulia kitu ambacho hujakijua kichwa.

Anasema ana darubini ya bunduki ya lenzi ya milimita 56, "inaona usiku". Haioni usiku. Nilimkagulia mwenyewe: ukigawa 56 kwa ukuzaji wa mara 8 aliokuwa ameweka, mwanga unaokuja jichoni una upana wa milimita 7. Mboni ya kijana inaweza kufunguka hivyo gizani. Ya mtu wa miaka hamsini na kitu, kama yeye na mimi, mara nyingi inaishia kwenye 5. Huo mwingine aliolipia unamwagikia nje ya mboni. Halafu darubini inakuonyesha duara dogo tu. Nyuma ya duara lile kuna nini? Saa moja jioni kijijini kule ndiyo saa ya watoto kurudisha ng'ombe, kina mama kutoka kuni. Risasi ya bunduki ya aina ile inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu ikikosa mnyama.

Jumatano nilifanya jaribio nyumbani, kwenye uwanja wa jirani ambao haujajengwa. Nilimwambia mwanangu, ana miaka kumi na tisa, anisaidie kusimamisha maboksi mawili ya kahawia kwenye majani, hatua mia na hamsini. Moja tulilichomeka vijiti viwili kama pembe, jingine tukaliacha. Rafiki yake akawa anayabadilisha nafasi, sisi tunatazama kwa darubini na kusema lipi lina pembe. Dakika ya kumi na mbili baada ya jua kuzama nikaanza kukosea. Mwanangu alianza kukosea dakika ya kumi na sita. Na maboksi hayatembei, hayana nyasi kichwani, na mimi sikuwa na kiherehere cha kurudi na nyama. Tangu jioni ile mpaka wangu ni dakika kumi, na kila mwaka nitaupima upya. Fanyeni nanyi, ni maboksi mawili tu.

Anasema pia, na hapa ana hoja kidogo, kwamba tohe hutoka jioni, ukikataa magharibi utarudi mikono mitupu. Alfajiri je? Naye alfajiri yuko nje, na mwanga ule ule mdogo unakua badala ya kufa. Ukisubiri dakika tano unamwona vizuri zaidi. Ukiharibu, Mungu apishe mbali, una saa kumi na mbili za mchana kumfuata na kummaliza. Tatizo ni kwamba alfajiri inataka uamke saa kumi, na kambini Ijumaa watu walilala saa saba usiku. Na kurudi mikono mitupu si msiba. Mzee yule alilelewa kwenye uwindaji wa upinde na mbwa, anasema baba yake alirudi mikono mitupu siku nyingi kuliko alizorudi na nyama, na walikula ugali kwa mlenda.

Wengine mmeniandikia pembeni: mambo ya kambini yabaki kambini. Kwa nini? Kwa wageni wa uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa akapotea analipiwa sawa na aliyeuawa. Sisi wenyeji, ambao wanyama ni wetu, ndio tuseme "nimekosa"? Neno hilo moja limefanya kibali chake kisomeke kama hakijatumika. Yaani bado ana tohe dume mmoja wa kupiga, na ameshatangaza anarudi Ijumaa na watu wengine. Jike amekufa, mtoto wake kwa vyovyote amekufa, na kwenye karatasi hakuna kilichotokea.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya wanyamapori, nikatoa maelezo yangu, nikaacha na kile kichwa. Nilijieleza na mimi pia, kwamba nilikuwa na nafasi ya kumshika mkono saa moja na dakika tano na nikaishia kumwomba kwa upole. Na usiku ule nilitakiwa kumchukua askari pembeni nimweleze yote, sikufanya. Jumanne nilitolewa kwenye kundi. Miaka kumi na moja, hakuna hata mmoja aliyenipigia.

Mzee nilimpelekea hela yake mwenyewe, maana aliambiwa hakuna nyama kwa hiyo nusu malipo. Nusu malipo, mtu aliyesema "acha", kisha akatangulia gizani kwa kandambili.

Mwenzangu, najua unausoma huu uzi, kuna mtu ameshakutumia. Maelezo yangu hayatoshi bila ya kwako. Ofisi inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Nenda kabla ya Ijumaa, peleka kibali chako, umwambie afisa kwa mdomo wako kwamba hukukosa.