Naomba ushauri: mpelelezi wangu ana sifa nyingi, lakini hazifumbui chochote

Mwandishi wa Hombolo: Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Ninaandika hadithi ya upelelezi katika kijiji cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma, ambako kasha la fedha za ushirika limetoweka usiku, ilhali mlango wa ofisi haukuvunjwa. Mpelelezi wangu ni bwana mifugo mstaafu, mpole, mwenye kumbukumbu kali na hodari wa kusoma nyayo. Rafiki aliyesoma rasimu anasema kwamba sifa hizo ni mapambo, kwani askari yeyote angemkamata mwizi vilevile. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kondoa: Rafiki yako amesema kweli. Mkumbuke Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, katika kisa cha farasi wa mashindano aliyetoweka: wengine walihangaika na yaliyotokea usiku ule, yeye akajiuliza kwa nini mbwa hakubweka, akatambua kwamba aliyeingia zizini alikuwa mtu aliyezoewa na mbwa huyo. Mtunzi wake, Arthur Conan Doyle, aliyekuwa daktari, alimchota Holmes kwa mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, ambaye aliweza kuitambua kazi ya mgonjwa kwa kumtazama tu. Ndiyo maana Holmes humkagua mtu kama tabibu atafutaye dalili. Basi mpe bwana mifugo ishara ambayo ujuzi wake pekee utaielewa, kwa mfano nyayo za punda anayechechemea kwa ukwato alioutibu yeye mwenyewe. Ishara hiyo msomaji aione mapema, la sivyo atajiona amepunjwa.

Mama Makole: Mwalimu, nyayo zitamfikisha kwa punda, si kwa mwizi, kwa sababu punda huazimwa. Hapo ndipo upole ufanye kazi. Miss Marple wa Agatha Christie ni bikizee wa kijijini ambaye hakuna anayemhofia, hivyo watu huropoka mbele yake, naye huwalinganisha washukiwa na majirani aliowajua maisha yake yote. Askari akifika na daftari, kijiji kitafunga midomo. Mzee aliyewatibia ng'ombe, anayesalimia "mbukwenyi" na kuketi bila haraka, ataambiwa hata asiyoyauliza. Kumbukumbu kali ifute, kila mpelelezi anayo.

Msomaji wa Mpwapwa: Nyongeza fupi: asisimulie mwenyewe, maana tukiyasikia mawazo yake yote, fumbo limekwisha. Holmes husimuliwa na rafiki yake, Dkt. Watson, na Bwana Msa wetu, mpelelezi wa riwaya za Kiswahili ambaye Muhammed Said Abdulla alimleta kitabuni mwaka 1960, ana rafiki yake Najum wa kuuliza yale ambayo msomaji angeuliza.

Mwandishi wa Hombolo: Ahsanteni sana. Kumbukumbu nimeifuta, na msimulizi atakuwa mjukuu wake. Limebaki moja: mwizi ni kijana wa rafiki yake wa siku nyingi. Je, upole ule ule umkwamishe?

Mama Makole: Umkwamishe, tena sura nzima, na mjukuu aijue njia ya punda kabla babu yake hajakubali kuitamka.